Tantine Kulthumu na bunduki iliyopakwa mafuta

Ukifika mtaa wa Ruashi na chupa ya gesi inayopiga miluzi, hauna haja ya kuuliza njia. Basoudeur, wale wachomeleaji wa vyuma, watakuonyesha kwa kidevu: kule, kwa Tantine Kulthumu. Yeye ndiye daktari wa détendeur, kile kichwa cha chuma kinachopokea hewa yenye hasira na kuitoa kwa adabu. Mumewe, soudeur, aliziharibu kama mtoto anavyoharibu viatu. Kulthumu akazoea kuzifungua na kuzisafisha. Kisha mume akaenda Kolwezi kutafuta kazi, na mpaka leo anarudi kwa WhatsApp tu. Vyombo vilibaki. Asante, papa, kwa kusahau vyombo.

Mimi nilimjua kwa sababu ya kunguru. Mama yangu, Martine, anafuga kuku Kasungami, na mwaka huu kunguru walilijua banda lake kuliko nilivyojua kozi za electromécanique, umeme na mashine, nilizoziacha katikati. Kifaranga akivuka kivuli tu, amekwenda. Mama alisema wazi: hawa vifaranga wakiisha, anafunga banda na kuhamia Naviundu kwa mdogo wake, akapikiwe na wifi. Anayemjua yule wifi anajua hiyo ni adhabu.

Bunduki ya hewa tulikuwa nayo. Lakini ukimvizia kunguru kwa muda, risasi ya kwanza inaanguka chini ya ukuta kama imechoka. Ya pili inakwenda vizuri, ila kunguru ameshafika Zambia. Kaka yangu Djo akakaza skrubu ya détendeur iliyo ndani ya bunduki ili iwe kali. Ikazidi kuwa goigoi.

Ndipo tukaipeleka Ruashi. Kulthumu aliitazama saa ndogo ya kupimia hewa iliyo ubavuni mwa bunduki, akaiweka mezani, akamimina chai. Kwake chai ni kipimo: mshale wa saa lazima utulie mpaka kikombe kiishe. Mama, mwenye haraka zake, akakimeza chote huku midomo inaungua.

“Mama Martine, kunywa pole pole. Ukikimbia, ugonjwa unajificha.” Akamimina kingine. “Ona sasa. Mushale iko inapanda yenyewe. Kilango cha hewa mule ndani hakifunge muzuri.”

Akatoa hewa yote, akaifungua détendeur, akanusa.

“Hii mafuta ni ya nini?”

Mama akatazama sakafu. “Ni ya maombi. Pasta aliyaombea. Nilipakaa pale banaingizia hewa.”

“Mama! Ulibatiza détendeur?” nikasema.

“Nyamaza weye! Kama ungemaliza masomo, ningeenda kwa pasta juu ya bunduki?”

 Kulthumu hakucheka, ndipo nilipoanza kumheshimu.

“Maombi haina mubaya, mama. Lakini mafuta na hewa ya nguvu hapana, inaweza kuwaka moto. Tena vumbi inashikamana nayo, kilango inabakia wazi kidogo. Mungu alisikia maombi tu. Mafuta, siku ingine pakaa mu mikono yako.”

“Nitafanya vile, dada,” mama akasema, na nikashangaa: mama hamwiti mtu dada bure.

Kulthumu akapangusa kila kitu mpaka kikakauka. Vile visahani vidogo vya chuma vinavyofanya kazi ya springi akavipanga upya, mgongo kwa mgongo, tumbo kwa tumbo. Akafunga. Kisha akailegeza skrubu ya Djo.

“Unalegeza? Tulikuja kutafuta nguvu!”

“Mama, bantu bengi bakisukuma mulango toka ndani, weye unagonga na kidole, itafunguka? Hewa ikizidi, nyundo ya ndani haiwezi kufungua kilango ya kusukuma risasi. Ngoja uone.”

Nje kulikuwa na udongo wa matofali ya jirani anayejijengea. Akapiga risasi, akachomeka kijiti cha ufagio ndani ya tundu kupima kina. Akalegeza kidogo, akapiga: tundu refu zaidi. Akalegeza tena: likapungua. Akarudisha kidogo. Tukanywa chai, bunduki ikingoja kama kule bandani, na mshale haukusogea. Akapiga tena, na tena. Matundu yote yakafika alama ile ile ya kijiti.

Kesho yake mama alikaa nyuma ya banda mpaka kunguru mkubwa akatua ukutani, akatengeneza manyoya yake bila wasiwasi. Risasi ya kwanza ikamwangusha. Wenzake waliona, wakahamia kwa watu wengine, Mungu awasamehe. Vifaranga wakaota manyoya, majogoo wakaanza kutugombeza alfajiri.

Basi mama akachagua jogoo aliye mzuri kuliko wote, tukapanda kwenda Ruashi. Njiani nikamwambia tungemchinja kabisa, asitusumbue.

“Akili yako iko wapi? Kulthumu ni Mwislamu. Atachinja mwenyewe.”

Tulipofika, mama alimkabidhi jogoo kwa mikono miwili. “Dada, nimekuletea muzima. Bado niko mu nyumba yangu, ku jiko yangu. Aksanti.”

Kulthumu akamshika jogoo mabawa, akampima uzito, macho yake yakalowa kidogo.

“Basi ukae,” alisema. “Ugali iko karibu kuiva.”