Hongera ya Kukojoa Damu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu wa Isevya, mtaa wetu hapa Tabora, wakinitaka hawaulizi niko wapi; wanakuja moja kwa moja barazani, wakijua watanikuta pale pale waliponiacha juzi. Wajukuu wangu wanasema nikitumwa sokoni naaga kama naenda Hija. Sikatai. Lakini niliwahi kutoka mara moja, nikafika mpaka Ziba, na nilichorudi nacho kilinitosha.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na barua ya chuo cha ualimu ninayo mfukoni. Masomo yalikuwa bado miezi kadhaa, na kabla ya kuripoti nilitakiwa nipimwe afya. Mama, ambaye kwao ni Ziba, aliona aibu kijana msomi kukaa akimtazama baba yake akishona kanzu, huku redio kutwa nzima inahimiza watu waende vijijini. Nikapandishwa lori lililokuwa likifuata pamba, nikapelekwa kwa mjomba: mchana nilime shamba la ujamaa, jioni nifundishe watu wazima kusoma.

Aliyenipokea ni mtoto wa mjomba, tuliyelingana naye umri. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako. Anaweza kukuvua kofia mbele za watu akatangaza kwamba mahari yako ni kuku mmoja, tena mgonjwa, nawe hukasiriki. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Nilimpenda siku ile ile. Tuliingia pamoja kwenye majaruba ya mpunga, maji yakitufika magotini, na akaniita Bwana Viatu kwa sababu siku ya kwanza niliingia navyo.

Mwezi wa nne tangu nifike nikaona matone mekundu mwisho wa mkojo. Maumivu hakuna, kuchoma kidogo tu. Nilisimama nyuma ya zizi nikatazama mchanga ukiyanywa. Hapa niseme jambo la aibu. Shuleni nilichora figo na kibofu vizuri hata mwalimu akaubandika mchoro wangu ukutani. Swali la konokono wa majini na ugonjwa anaoueneza nililijibu kwenye mtihani nikapata. Lakini konokono yule alikuwa wa kwenye daftari. Haikunijia kabisa kwamba ana makazi Ziba.

Nilimwambia binamu peke yake, kwa sauti ya chini. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akanipa mkono.

"Hongera, Bwana Viatu. Sasa umekuwa mwanaume. Kijana wa hapa asiyekojoa damu hata mke hapewi."

Jioni vijana wote wakanipa mikono, mmoja akanibebea jembe. Na wazee wawili watatu nilishawasikia wakisema maneno hayo hayo bila kucheka, kwamba damu ile ni ukubwa wa mvulana. Basi nikaamini. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa mjini. Nilitaka kitu ambacho Ziba ingenihesabia.

Miezi miwili nilitembea na ukubwa wangu. Binamu akawa anachagua kazi za nchi kavu, kukata miti, kuchonga mipini, nami nikadhani ananiachia heshima ya majini. Mkojo ukawa kama maji yaliyooshewa nyama. Katikati ya somo natoka, narudi, natoka tena, na binamu nyuma yangu anawaambia wanafunzi kwamba mwalimu anazidi kukua.

Siku niliyoshindwa kusimama jarubani nilijikokota mwenyewe hadi zahanati. Mganga aliuliza damu inakuja mwanzo wa mkojo au mwisho, na ninafanya kazi wapi. Akaniambia nisubiri saa sita mchana, nikimbie kuzunguka jengo mara tatu, ndipo nijaze chupa, maana mayai ya kichocho hutoka zaidi saa hizo. Nikakimbia mbele ya foleni ya akina mama, wakafurahi sana. Aliponyanyua macho kwenye hadubini alisema ni kichocho, tena kingi. Akanieleza kwamba damu kwenye mkojo, hata tone moja, hata lisiloumiza, haingojewi; hupimwa, kwani pengine si kichocho bali ni figo au kibofu chenyewe.

"Mbona umechelewa?" akauliza. "Ndugu yako wa nyumba hiyo hiyo alikuja mapema, akamaliza vidonge vyake."

Nikamuuliza lini. Kabla ya palizi, akasema. Yaani kabla ya kunipa mkono.

Nilimkuta anachonga mpini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Sikunyamaza, nilikutania. Si wewe ndiye uliyesoma? Nilingoja ucheke. Nilipoona umetunisha kifua nikasema kumbe na huyu ananitania."

"Miezi miwili yote?"

Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Ulikuwa umefurahi," akasema.

Nilimshtakia mjomba. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimesahau yule ni nani kwangu. Hapo kesi ikaisha.

Vidonge viligeuza mkojo ukawa rangi ya kahawa, na kichwa kikazunguka wiki nzima. Nilirudi Tabora kupimwa afya. Damu ilikuwa bado haijakatika, na daktari hakutia sahihi. Akasema nitibiwe tena, nipumzike, mwakani nijaribu. Mwakani barua haikuja. Nikakaa kwenye cherehani ya baba, na sijainuka.

Miaka mingi baadaye binamu alikuja kumzika baba, na debe la mchele begani. Akaingia kati ya waombolezaji akiuliza kwa sauti kama Bwana Viatu bado anakojoa kiume. Watu walicheka. Nikacheka nami, ndiyo sheria yenyewe.

Wakati wa kumsindikiza, mlangoni, ambako ndiko mwisho wa safari zangu, nilimuuliza polepole kama wanawe wanaingia majarubani.

"Wanaingia," akasema. "Ila kila mwaka nawapeleka wakapimwe mkojo. Sisubiri waone damu."

Alisema hivyo bila kutabasamu hata kidogo.