Mke Aliyekufa Sura ya Tisa

Katika saluni ya Mama Vidole, anayesukwa ndiye anayesoma. Hakuna aliyeipitisha sheria hiyo. Ilizuka yenyewe, maana anayesukwa ana mikono mitupu na nusu siku ya kukaa, na mdomo usio na kazi mahali penye wanawake wengi ni jambo la hatari. Kabla ya vitabu palikuwa na umbea, na umbea ulikuwa umeshavunja uchumba mmoja na kuwagombanisha majirani wa ukuta mmoja. Kwa hiyo kitabu cha kwanza kilipoingia, Mama Vidole alishukuru. Angejua, angewaacha watu na umbea wao.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja chenye viti viwili. Cha karibu na kioo ni chake. Cha karibu na mlango ni cha binti yake, mwanawe wa pekee, mwanamke mzima sasa. Nywele za bandia zinaning'inia misumarini, nyeusi kwa nyeusi, kahawia kwa kahawia. Kwenye sinia kuna vitana, sindano, nyuzi, na wembe wa kukatia nyuzi. Wembe huo hauguswi na mtu mwingine. Mama Vidole ana mkono wake wa kukata, mkato ulionyooka kama umepigiwa rula, na binti amejaribu kuuiga miaka yote akashindwa.

Kitabu hiki kililetwa na Dada wa Benki, keshia anayelia upesi kuliko mtoto mchanga. Ilikuwa riwaya ya mapenzi ya wakati wa vita, ile vita iliyowazoa wanaume wa rika la Mama Vidole na kurudisha nusu yao. Askari anapigwa risasi ya paja. Analetwa hospitali ya kambini. Nesi kijana anamfunga kidonda. Mnajua yanayofuata, hata aliyesikia kwa sikio moja huku akimenya kitunguu anajua.

"Jamani, mwanaume kama huyu anauzwa wapi?" Dada wa Benki aliuliza, akishusha kitabu mapajani.

"Dukani hayupo," akajibu Bibi Nesi kutoka kiti cha pili. Huyu alikuwa nesi kweli, sasa kastaafu, na alikuja kusukwa mistari minne ya mvi na kukosoa. "Na huyo nesi wenu angefukuzwa kazi siku ya kwanza. Kidonda cha paja hakifungwi huku unamwangalia mgonjwa machoni. Utafunga na kitanda."

Walicheka. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema mabomu yamezidi, mabusu yamepungua. Mwingine alisema mwandishi katia chumvi kwenye mvua. Lakini kwa jambo moja walikubaliana wote, na ni nadra sana wanawake wa saluni ile kukubaliana: mke wa yule askari, aliyebaki nyumbani, alikuwa balaa. Hatumi salamu. Hana neno tamu. Kazi yake kununa.

Mama Vidole hakuwamo. Alikuwa akisuka, na kisa cha watu hakikumhusu.

Kikaja kumhusu siku askari alipomsimulia nesi habari za kwao. "Nyumbani," Dada wa Benki alisoma, akiigiza sauti ya kiume, "nimeoa Waziri wa Sabuni. Silali mpaka ameikagua miguu yangu."

Saluni ikaangua kicheko. Vidole vya Mama Vidole vikasimama katikati ya msuko.

Duniani palikuwa na mwanaume mmoja tu aliyeita mtu Waziri wa Sabuni. Alikuwa akirudi kutoka kazini miguu imejaa vumbi, na mkewe kijana anamsubiri mlangoni na beseni, mkono kiunoni, naye anapiga saluti: "Mheshimiwa Waziri, naomba kibali cha kulala." Walikuwa wanacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Lilikuwa jina la chumbani, halikutoka nje ya mlango, hata binti hakuwahi kulisikia. Sasa lilikuwa linachekwa na watu wanaosubiri kuoshwa nywele.

"Aa, Mama, unanivuta!" Dada wa Benki akalalama.

"Samahani, mwanangu," akasema, na akaendelea.

Ukweli wake ulikuwa hivi. Mwanaume alikwenda vitani yeye akiwa na mimba changa. Usiku wa kuamkia safari alilaza sikio juu ya tumbo ambalo bado halikuwa na la kusikika, akasema anasikia. Vita ikaisha, wengine wakarudi, yeye hakurudi. Akaja mwenzake wa kikosi, akakaa ukingoni mwa kiti bila kugusa chai, akasema: shemeji, yule mtu ni mzima wa afya. Amekaa kulekule, na nesi mmoja. Usimngoje.

Mama Vidole hakumngoja. Alimwua. Alifunga mizigo, akambeba mtoto, akahamia mji ambao hakujulikana, na huko akasema mumewe amekufa vitani. Si kwamba alikaa akapanga. Mama mwenye nyumba alimwuliza mume yuko wapi, na jibu likatoka lenyewe. Mjane hupewa pole, mwanamke aliyeachwa hupewa maswali. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yake ilikuwa ndefu kiasi cha kulea mtoto, kumsomesha na kumfundisha kazi. Binti alikua akisema kwa kidevu juu kwamba baba yake ni shujaa. Kila mwaka alimwombea marehemu, na mama aliitikia amina.

Kitu kimoja tu cha kweli alimpa mtoto kuhusu baba yake: sweta. Barua ya kwanza ilisema huko juu kuna baridi inayong'ata mifupa. Basi yeye, na tumbo lake, alifumua shuka zito la sufu la kijivu akamfumia sweta. Nyuzi zikamwishia kwenye mkono wa kushoto. Akafumua kofia yake ya shule, ya kijani, akamalizia nayo. Mtoto alipenda kisa hicho kuliko vyote. "Mama, sema tena ile ya mkono wa kijani." Akamwambia tena na tena, mpaka mtoto akawa anamsahihisha akiruka kipande.

Jumatatu moja, hapakuwa na mteja. Dada wa Benki alikuwa ameacha kitabu kwenye rafu ili wengine wasibaki nyuma. Binti alipotoka kununua mafuta ya nywele, Mama Vidole alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, pale wanapokaa wateja, akafungua.

Sura ya tisa, mke anakufa. Homa, siku mbili, kwisha. Mwandishi hakumpa hata maneno ya mwisho. Hilo Mama Vidole alilimeza. Yeye mwenyewe alikuwa amemwua mtu, asingeweza kulalamika akiuawa. Kilichomchoma kilikuwa sentensi fupi baada ya mazishi: "Hawakujaliwa mtoto." Aliisoma, akatazama kiti cha karibu na mlango, akaisoma tena. Alitaka kumtukana mtu, na ndani ya chumba hapakuwa na mtu ila yeye kwenye kioo.

Mbele zaidi, sura ya kumi na tatu, nesi anaona mgonjwa wake anatetemeka kwa baridi. Anakaa usiku kucha anamfumia sweta ya kijivu. Nyuzi zinamwishia. Anafumua kofia yake ya shule, ya kijani, anamalizia mkono wa kushoto.

Pale hasira ikampanda mpaka machozi yakamtoka. Nani aliiba? Yule nesi alimwona mgonjwa na sweta akaipenda, akajipa? Au yule mwanaume mwenyewe ndiye aliyeitoa, akampa mke mpya kazi ya mikono ya mke wa zamani, kama mtu anavyompa mgeni chombo cha nyumbani? Akakumbuka vidole vyake vilivyovimba kwa mimba, na macho yaliyowasha. Kisha hofu ikaipita hasira, kwa sababu binti alikuwa anaijua sweta ile kwa moyo.

Wiki ileile sura ya tisa ikasomwa. Saluni ikapumua kama iliyotuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi!" akasema mmoja.

"Sasa watu wapendane kwa raha," akasema Dada wa Benki, akijifuta machozi ya furaha.

"Homa gani inaua mtu mzima siku mbili?" Bibi Nesi akauliza. "Hakuna hata aliyemgusa paji la uso. Huyu kauawa na mwandishi." Lakini walimzomea, wakasema yeye kila kitu anataka kukipima joto.

Mama Vidole alimtazama binti yake kwenye kioo. Katika watu wote wenye maoni mjini, alitaka ya mmoja tu. Angesema tu "maskini," neno moja, mama angejua pa kuanzia.

"Mimi naona afadhali amekufa," binti akasema, akichagua nywele kichwani mwa mteja wake. "Angeishi angefanya nini? Mwanamke hapendwi, amekaa tu. Ningekuwa mimi ningeona aibu."

"Chana vizuri hapo nyuma," mama akamwambia. Hakuweza zaidi ya hapo.

Angesema nini? Kusema mke hakufa ni kusema na mume hakufa. Basi alifanya jambo la mtu aliyefikwa na maji shingoni. Asubuhi, kabla binti hajafika, alichukua wembe, akafungua sura ya kumi na tatu, akalikata karatasi la sweta, akalichoma jikoni. La kuvunda halina ubani, lakini nani hulikumbuka hilo akiwa na wembe mkononi?

Jumamosi saluni ilijaa. Dada wa Benki alikuwa kwenye kiti cha karibu na kioo na kitabu chake, Bibi Nesi kwenye kile cha karibu na mlango chini ya mikono ya binti. Keshia alisoma baridi, akasoma kutetemeka, akageuza ukurasa, akanyamaza.

"Mbona sielewi? Hapa wamerukia kwenye treni." Akalamba kidole, akarudi nyuma. "Karatasi limetoka! Jamani! Na hapa ndipo kwenye sweta!"

"Endelea tu na treni," Mama Vidole akasema haraka. "Treni nayo nzuri."

"Mama, bila sweta hiki si kitabu! Mimi nimekisoma mara mbili, kipande hicho nakijua kwa kichwa. Wote waliokisoma wanakisifu hicho." Akafunga kitabu, akajiweka sawa, akasimulia. Na alisimulia vizuri, hilo lazima asifiwe. Alisimulia vizuri kuliko kilivyoandikwa. Kijivu. Nyuzi kuisha. Kofia ya shule. Mkono wa kushoto, wa kijani. Wanawake wakasema "aaah" kwa pamoja. Mmoja akatoa leso.

Bibi Nesi ndiye aliyehisi mikono imeondoka kichwani mwake.

Binti alisogea akakichukua kitabu mapajani mwa Dada wa Benki. Akakifungua pale palipopungua, akapitisha kidole kwenye ukingo uliobaki. Ulikuwa umenyooka. Akatazama wembe kwenye sinia. Akamtazama mama yake, si kwenye kioo, usoni.

"Mama," akasema taratibu. "Yuko hai?"

Mama Vidole alifungua mdomo.

"Yuko hai, bwana, anapona!" Dada wa Benki akadakia, akifurahi kuulizwa. "Soma ukurasa wa mwisho. Ni kisa cha kweli, mwandishi ndiye yule nesi. Mpaka leo wanaishi wote, wana watoto watatu, jioni wanakaa barazani. Na mji wenyewe ameutaja."

Binti akafungua ukurasa wa mwisho, akausoma amesimama. Hakulia. Alipomaliza, akarudi nyuma, sura ya tisa, akatafuta kwa kidole mpaka akapata sentensi aliyoitaka. Mama alijua ni ipi. Akangoja.

"Kwa hiyo wewe ulimwua yeye," binti akasema, kwa sauti ya kusikika na mtu mmoja, "na wao wakaniua mimi."

"Mwanangu..."

"Nimemwombea, Mama. Na wewe uliitikia."

Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wa nywele nyeusi, mahali pasipo pake. Akachukua mkoba. Kitabu akaondoka nacho.

"Kitabu changu!" Dada wa Benki akashangaa. "Ana nini huyu?"

"Mwache," Bibi Nesi akasema. Alikaa na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akimwangalia Mama Vidole kama alivyowaangalia wagonjwa miaka yake yote, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kukosoa.

Mama Vidole alikwenda mpaka mlangoni. Barabara ilikuwa na watu wengi, na binti alikuwa ameshakata kona ya kituo cha mabasi. Angeweza kukimbia. Lakini angemwambia nini akimfikia? Kwamba hakutaka maswali? Akarudi, akaokota kitana, akashika kichwa alichokuwa amekiacha.

Dada wa Benki akamtazama kwenye kioo, kwa wema tu, maana alikuwa mtu mwema.

"Na wewe, Mama, hujatuambia hata siku moja. Tangu tuanze unasikiliza tu. Kitabu unakionaje?"

Mama Vidole alisuka msuko mmoja hadi mwisho kabla hajajibu.

"Ile sweta," akasema, "alifuma mke."

Dada wa Benki akacheka, akampapasa mkono kwa upole, kama mtu anavyomsaidia mzee aliyesahau.

"Hukusikiliza vizuri, Mama. Mke alikuwa ameshakufa."

"Inamisha kichwa," Mama Vidole akamwambia, na akaanza mstari mwingine.