Salamu Mlangoni kwa Mama Mkwe

Asubuhi ya kwanza ya ndoa yangu nilisimama mlangoni kwa mama mkwe, hapa hapa mtaa wa Liwan, nikamsalimu kwa Kimandarini kama nilivyozoea kusikia redioni kwetu Hunan: "Zaoshang hao." Akamgeukia mwanawe, Kamfai, akamwambia kwa Kikantoni cha huku, maneno niliyokuja kuyaelewa baadaye, "Umetuletea mtangazaji wa habari?"

Nikajifunza. Huku Guangzhou mdogo humtaja mkubwa kwanza, ndipo amsalimu. Kuanzia siku ya pili nikawa nasema, "Mama, jousan," yaani habari za asubuhi kwa Kikantoni. Nimesema hivyo kila kukicha kwa miaka kumi na tisa, na hajanijibu hata mara moja. Husema, "Maji yamechemka?" Au, "Fungua dirisha." Sikusoma, lakini najua mtu anapokupita kama kiti.

Miaka mitatu iliyopita Kamfai alihamia mji jirani wa Foshan kwa mwanamke aitwaye Siuman, mzaliwa wa huku. Mimi akaniachia mama yake nimpikie uji na kumkanda miguu. Nyumba ni ya mama. Mwezi uliopita akapiga simu: Jumapili angemleta Siuman kwenye chai ya asubuhi, na mama akimpokea kama mkwe, mimi nitafute pa kwenda. Alimwambia mama, si mimi. Lakini ni mimi niliyemshikia mama ile simu sikioni.

Jumapili mkahawa ulijaa. Mama alikaa kwenye meza yake ya pembeni na mashoga zake, Bibi Ngan na Bibi Lo. Siuman aliingia nyuma ya Kamfai, akainama kidogo. "Bibi Ngan, jousan. Bibi Lo, jousan. Mama, jousan." Hakukosea hata mmoja.

"Guilan," Bibi Ngan akaninong'oneza, "huyu kaja kakariri."

Mama akatabasamu. "Jousan, jousan, bibiye! Mmefika salama? Njiani hamkupata foleni? Kaa, kaa."

Nilishika ukingo wa meza. Nilichokililia miaka kumi na tisa, mwenzangu kakipata kabla hajavuta kiti.

Siuman akamimina chai, akampa mama kikombe kwa mikono miwili, kama mkwe mpya anavyofanya; mama mkwe akikinywa, kampokea. Kamfai akaacha kusoma orodha ya vyakula. Mama akakitazama kikombe, akagonga meza mara mbili kwa ncha za vidole, kama tunavyomshukuru mhudumu au mtu tuliyekutanishwa naye mezani. Hakukigusa. Akanisogezea kikombe kingine, kitupu.

"Guilan, unangoja nini? Koo limenikauka."

Nikammiminia. Akanywa chote bila kugonga meza.

"Mama," Kamfai akasema, uso umemwiva, "Siuman amekumiminia."

"Nimemshukuru. Au hukusikia meza?"

Bibi Lo akacheka mpaka vijiti vikamdondoka. Siuman hakuwa mjinga. Aliuchukua mkoba wake kabla chakula hakijaletwa, na Kamfai akamfuata.

Tulirudi kwa miguu, mama kanishika mkono, kikapu chake begani kwangu. Tulipofika kwenye ngazi nikashindwa kunyamaza.

"Mama, yule umemjibu salamu."

"Ni mgeni. Mgeni hajibiwi?"

"Na mimi?"

Akasimama, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Wewe wa nyumbani. Ulitaka nikukaribishe kila siku?"

Bibi Ngan anasema nishukuru, nina pa kulala, na Kamfai kaaibika mbele za watu. Labda. Lakini mimi nilikuja mjini humu na miaka ishirini na mbili, sijui lugha, sijui mtu, na mlango ule ndio uliokuwa wangu wa kwanza. Angenijibu siku ile moja tu, nikajua nimepokewa. Salamu za siku nyingine zote angebaki nazo.

Nilimpandisha ngazi, polepole, maana goti lake la kushoto halimbebi tena.