Uzi Wenye Fundo Chini ya Mto

Jamani, leo nilidhani nimerogwa!

Nimeamka usingizi wa adhuhuri, nikaona chini ya mto wangu uzi mwekundu uliofungwa fundo.
Nikapiga ukelele.

Mama mkwe akaja mbio, akauona, akarudi nyuma.
"Usiuguse, mwanangu! Huo ni uchawi!"

Tukasoma dua. Kisha akauokota kwa koleo, akautia kwenye chetezo chenye makaa ya ubani, ukateketea.

Mara mume wangu akaingia.
"Uzi wangu u wapi? Nalikupima kidole ulipolala, nikautia fundo la alama, nikausahau hapo mtoni pako. Sonara wa Ndia Kuu aningoja, ataka kipimo cha pete."

Akakata uzi mwingine. Nikamnyooshea kidole.

Mama mkwe naye, jasho lamtoka, akanyoosha chake.
"Na mimi nipime. Umenitisha pia!"

Semeni kweli, nyinyi mngeugusa?