Nilimwambia mwanangu bibi yake anachanganya mambo, akaacha kusoma

Wakuu, salamu kutoka Kasulu. Naandika nikiwa dukani kwangu, nauza vipuri vya pikipiki, wateja wachache, roho haitulii. Nasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nina binti wa miaka kumi. Wenzake mtaani ni katuni za kwenye simu tu. Huyu anasoma kila kitu: vitabu vya hadithi, karatasi za dawa, hata gazeti lililofungiwa maandazi. Nilikuwa najisifu sana.

Likizo akaenda kwa mama yangu Kibondo. Akarudi na daftari kuukuu. Mama aliandika humo maisha yake, kwa Kirundi. Nyumbani tunaongea Kiha, na lugha hizi zinakaribiana mno, kwa hiyo mtoto akawa anasoma polepole na kuelewa.

Siku moja tunakula akauliza, "Baba, kumbe bibi alitoka Burundi akavuka mpaka pale Manyovu kwa miguu, wewe ukiwa mgongoni?"

Mke wangu, anayeijua habari hiyo yote, akainamia sahani.

Sikuwahi kumwambia. Uraia tulishapata zamani, lakini shuleni niliitwa "mkimbizi" mpaka nikawa naitika. Sikutaka yeye apitie hayo.

Nikamjibu, "Bibi yako amezeeka, anachanganya mambo." Daftari nikalifungia kabatini.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kesho yake hakushika kitabu. Wiki ya pili mwalimu akanipigia: mtoto anagoma kusoma darasani. Nikamuuliza sababu.

"Sasa nitajuaje kipi ni cha kweli?"

Wakuu, swali hilo nilitembea nalo. Dukani mteja anaomba plagi, mimi nampa breki.

Jumamosi nikaenda Kibondo kumlalamikia mama. Alikuwa anachambua maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Daftari nilimpa mimi," akasema. "Wewe nilikungoja uniulize miaka yote. Yeye aliuliza siku ya kwanza."

Nikageuza siku ile ile. Nilipofika nikamwambia binti kwamba bibi hakuchanganya chochote, aliyedanganya ni mimi. Nikamrudishia daftari.

"Kwa hiyo mimi ni Mrundi?"

Nikamwambia yeye ni Mtanzania, Muha kwa mama yake, na bibi yake Kibondo alitoka Burundi. Vyote ni vyake.

Akauliza, "Shuleni naweza kusema?"

Nilitamani kusema hapana. Nikasema, "Amua mwenyewe."

Jumatatu akawasomea wenzake ukurasa mzima, akiutafsiri kwa Kiswahili. Wengi walimsikiliza. Mmoja akamwita mkimbizi, neno lile lile.

Alinisimulia huku anavua viatu, kisha akatoka kwenda kuruka kamba. Mimi ndiye niliyebaki nimekaa.

Nilichojifunza: tunawasukuma watoto wasome, ila tunataka wasome habari za watu wengine tu. Za kwetu tunafunga na ufunguo.

Bado sijui kama nilifanya sawa kumwachia aseme. Nyinyi wenye watoto, mliwaambia lini mlikotoka, na kwa maneno gani? Hata wa kunisema aniseme, nitasoma yote.