Limepokelewa, Usitume Tena

Ofisini walimwita Bawabu, na jina lenyewe alijitakia kwa mdomo wake. Siku ya kwanza kazini meneja alimuuliza anajua nini, naye akajibu anajua kuandika kontrola. Meneja, ambaye elimu yake ya kompyuta iliishia pale penye kitufe cha kuiwashia, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, halafu uvumilivu ukamshinda.

"Kontrola ndiyo mnyama gani, kwa lugha ya binadamu?"

"Ni bawabu, bosi. Mtu akituma ombi kwenye mfumo, kontrola ndiye anayelipokea mlangoni. Analihoji: umetoka kwa nani, unataka nini, umejaza kila kitu? Likiwa na pengo, analirudisha. Likiwa sawa, analipeleka chumba kinachohusika, anasubiri jibu, anamrudishia mwenyewe. Yeye hapiki. Anajua tu jiko liko wapi."

"Kwa hiyo wewe unatuandikia mabawabu."

"Ndiyo."

"Karibu, Bawabu."

Likaganda kama gundi ya mbao.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Meza sita, feni moja yenye tabia ya kuinamia upande wa meneja tu, na ukutani skrini pana kuliko mlango. Kila ombi lililojibiwa ndani ya sekunde mbili liliwasha pale alama ya kijani, lililochelewa, ya njano, lililoshindikana, nyekundu. Meneja alikuwa akiitazama skrini ile kama wenzake wanavyojitazama kwenye kioo kabla ya harusi. Nyuma ya mgongo wake walimwita Kijani.

Mfumo waliokuwa wakiujenga ulikuwa wa mitungi ya oksijeni, kwa wagonjwa walioruhusiwa kwenda kuugulia nyumbani. Zamani kazi hiyo ilifanywa na dirisha. Stoo ya mitungi ilikuwa na dirisha la kimbao, na ndani yake mama mmoja wa makamo mwenye daftari na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama Dirisha aliwajua wagonjwa wa mji mzima kwa kikohozi. Mtu akimwambia "baba anahema kwa tabu", aliuliza swali moja tu, "Anaweza kumaliza sentensi?", kisha akageuka na kupiga kelele ndani: "Huyu si wa kesho! Pakieni!" Kijani aliuita utaratibu huo ushamba. Dirisha likazibwa kwa tofali, na Mama Dirisha akapewa cheti cha shukrani chenye jina la mtu mwingine.

Basi Bawabu akaandika bawabu wake, na kila fundi akishaunda mlango lazima aubishie hodi mwenyewe aone kama unafunguka. Akawa anatuma maombi ya majaribio kwa simu yake. Tatizo ni kwamba stoo hawakujua lipi la majaribio na lipi la mtu anayekata roho. Siku ya pili gari lilisimama mbele ya duka la magodoro na kushusha mitungi mitatu. Mtunza stoo akapiga simu.

"Hivi nyinyi watu wa ghorofani mna mapafu mangapi?"

Bawabu akaona aibu. Ndipo alipoandika mistari minne. Maana yake ilikuwa hivi: ombi likitoka kwenye mojawapo ya namba hizi, lijibu kama yanavyojibiwa maombi mengine yote, *Ombi lako limepokelewa. Tafadhali usitume tena*, kisha liishie hapo. Lisipelekwe stoo, lisiandikwe popote. Juu yake akaweka neno la kujikumbusha: *Namba za majaribio. Ondoa kabla ya kufungua.*

Aliandika "namba" kwa maana ya wingi, kwa sababu zilikuwa mbili. Bawabu wa kompyuta alikuwa mkali: namba moja haikuruhusiwa kuomba zaidi ya mara moja kwa siku, na fundi alihitaji kujaribu mara ishirini. Akaongeza namba ya pili, akawa anaiingiza kwa mkono kwenye kompyuta kana kwamba simu hiyo ndiyo iliyotuma, akitumia moja huku akifuta hesabu ya siku ya nyingine. Na kichwani mwake, ukiacha ya kwake, kulikuwa na namba moja tu nyingine. Ya dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Wazazi walipotangulia, yeye akiwa na miaka kumi na saba na mdogo wake sita, aliacha shule akaenda kujaza magunia kwenye kinu cha unga. Alijaza kwa miaka ishirini na miwili. Jioni alirudi mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu, na yule mtoto kwa muda mrefu aliamini kwamba hivyo ndivyo watu wazima wote wanavyogeuka wakifika kazini. Simu ya kwanza ilipoingia nyumbani, dada alimkalisha kitako na kumkaririsha namba.

"Ukipotea, ukikamatwa, ukifa, piga hii."

"Nikifa nitapigaje, dada?"

"Utajua mwenyewe. Sema tena kuanzia mwanzo."

Siku ya uzinduzi ikawahishwa kwa wiki mbili, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na safari na mfumo ulipaswa kufuata ratiba ya miguu yake. Njia ya muda iliyoleta ile mitungi mitatu ilikuwa imefungwa, na ya kudumu kutoka kwa bawabu hadi stoo ilikuwa haijakamilika. Bawabu akamweleza Kijani. Kijani akauliza, "Lakini ukituma, linajibu?" Kwa simu ya Bawabu, lilijibu, kwa kuwa ile mistari minne haikuhitaji stoo wala seva ya stoo. Basi mgeni rasmi akakabidhiwa simu hiyo mbele ya kamera, akabonyeza kwa kidole kimoja, na kabla hajashusha mkono simu ikalia: limepokelewa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walikuwa wakimshangilia bawabu anayesema "nimeshamwambia mwenye nyumba", na nyumba yenyewe bado msingi.

Wiki iliyofuata njia ya stoo ikakamilika na mfumo ukafanya kazi kweli. Bawabu akasema anaingia kufuta vijimistari fulani.

"Usiguse," Kijani akasema bila kuondoa macho ukutani. "Kinachofanya kazi hakiguswi."

"Ni vinne tu, bosi, vya maj..."

"Hata kimoja. Unaona ile rangi? Unataka kuiharibu?"

Bawabu akarudi mezani. Angeweza kufuta kimyakimya. Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Lakini ikaja kazi nyingine, na nyingine juu yake, na mistari minne ikabaki humo ndani kama sindano iliyosahauliwa kwenye godoro. Hakuna aliyechomwa, kwa kuwa hakuna aliyelalia pale.

Miezi saba baadaye unga aliouvuta kinuni ulimdai dada haki yake, mapafu. Alilazwa wiki tatu, kisha akaruhusiwa na mtungi mmoja, mpira wa puani na saa ndogo ya kupimia hewa yenye mshale. Muuguzi akamwambia: mtungi huu ni wa siku mbili na ushei, mshale ukikaribia wekundu, omba mwingine kwa simu mapema, usingoje uishe.

Dada aliishi vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji, na barazani mwake alikaa fundi cherehani, mzee mjane mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alhamisi asubuhi mshale ulipoanza kulala, dada akatuma ombi, na jibu likaja papo hapo.

"Fundi, hebu ona. Hata sijaiweka chini."

Fundi akaisogeza simu mbali, akaivuta karibu, akaipatia mahali pa kusomekea. "Wewe uliwahi kuona kitu cha ofisini kikajibu haraka hivi? Mimi naogopa."

"Ameutengeneza mdogo wangu huo."

"Ndiyo maana nasema naogopa. Suruali yake ya mwisho niliishona mimi; hajui hata kiuno chake."

Dada akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, wakaacha.

Jioni mtungi haukuja. Ijumaa asubuhi haukuja. Dada akapunguza hewa kwa kuzungusha kifungo nusu mzunguko, kama mtu anayepunguza utambi wa taa.

"Naenda stoo," akasema fundi.

"Hapana. Wameandika nisitume tena. Ukienda wataona hatuna subira." Alivuta pumzi katikati ya maneno. "Tutamwaibisha mtoto."

"Mtoto ana miaka thelathini na sita!"

"Kaa, fundi."

Adhuhuri Bawabu alipiga simu kutoka kazini, kama alivyofanya kila Ijumaa.

"Mtungi vipi, dada?"

"Nimeshaomba. Limepokelewa."

"Imeandika limepokelewa?"

"Ndiyo. Na asante."

"Basi ukiona hivyo, tulia. Labda magari yamezidiwa. Usitume tena, utawachanganya."

"Nimetulia, mdogo wangu."

Alikuwa anaongea maneno mawili mawili, na Mama Dirisha angeisikia sentensi ile ikikatika. Bawabu alisikia neno moja tu, limepokelewa, neno lake mwenyewe, na mgema akisifiwa hunywa hata tembo lake la maji. Akageukia skrini. Kijani kitupu.

Jumamosi saa mbili asubuhi mshale ulilala kabisa, na fundi cherehani hakuomba ruhusa. Alimwachia mgonjwa mke wa mpangaji wa jirani akakimbia na kandambili zake hadi stoo. Pale penye dirisha alikuta tofali. Akapiga geti, mlinzi akatoka.

"Maombi ni kwa simu, mzee."

"Ameomba tangu juzi!"

"Akajibiwa?"

"Akajibiwa limepokelewa."

"Sasa wewe shida yako nini? Limepokelewa."

Fundi alimtukana matusi ambayo hayashoneki kwenye karatasi, akapiga kelele hadi koo likamkauka, lakini Jumamosi mtunza stoo huingia saa nne, na funguo huingia naye. Alirudi nyumbani mikono mitupu. Wanawake walikuwa wameshamfunga dada kidevu kwa kitambaa.

Fundi akachukua simu ya marehemu, akatafuta palipoandikwa *Mdogo wangu*, akapiga. Bawabu alisikiliza hadi mwisho. Kitu cha kwanza kilichomtoka hakikuwa kilio.

"Mzee, aliomba kwa simu ipi?"

"Hii hii ninayokupigia. Kwa nini?"

Namba ilikuwa inawaka mbele ya macho ya Bawabu, na akili yake ikaisoma kuanzia mwanzo kama alivyofundishwa.

Wakazika Jumapili. Ndugu walimpa mkono, wakamwambia amejitahidi, na mwingine akamsifu kwamba walau dada aliondoka akiwa amehudumiwa na mfumo wa mdogo wake. Aliitikia kila mmoja. Fundi akamkabidhi simu ya marehemu, naye akaitia mfukoni.

Jumatatu alikwenda ofisini asubuhi. Kijani alimshika bega.

"Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa." Akaigeukia skrini. "Na mfumo nao haukukosea. Nimeangalia wiki nzima. Hakuna nyekundu hata moja."

"Nyekundu haipo kwa sababu sikuiagiza iwake, bosi." Akamweleza. Mistari minne, namba mbili, uzinduzi.

Kijani akaufunga mlango kwa mguu. "Umemwambia nani?"

"Bado."

"Basi ibaki bado."

Bawabu akaketi, akaifungua kazi yake. Neno lake la kujikumbusha lilikuwa palepale: *Ondoa kabla ya kufungua.* Akafuta yote. Nusu dakika, kama alivyokadiria miezi saba nyuma. Kisha, kwa mazoea ya miaka kumi, mkono ukafanya ambacho mkono wa fundi hufanya akishatengeneza kitu: ukakijaribu. Akatoa simu ya dada mfukoni, akatuma ombi.

*Ombi lako limepokelewa. Tafadhali usitume tena.*

Alama ya kijani ikawaka ukutani. Aliitazama, akachukua koti lake, akashuka ngazi bila kuaga. Alikuwa amekata shauri kwenda kumwambia fundi cherehani, kwa kuwa kulikuwa na mtu mmoja tu mjini aliyekimbia kwa ajili ya dada, na mtu huyo hakuwa yeye.

Barazani cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Mzee alikuwa kwenye benchi peke yake.

"Mzee, nina neno."

"Lina haraka? Kaa kwanza."

Kabla hajakaa, gari likaingia uani kinyumenyume. Wakashuka vijana wawili wa stoo na mtungi mpya unaong'aa, wakauegemeza ukutani.

"Tuna ombi la hapa. Limeingia saa nne na robo."

Fundi akaitazama saa yake, akaigonga, akaitazama tena. Saa tano kasoro tano.

"Dakika arobaini," akasema. Akamgeukia Bawabu taratibu sana. "La Alhamisi lilikwenda wapi, mwanangu?"

Bawabu akamwambia, akiwa amesimama, mbele ya vijana wa stoo. Hakuificha namba, wala Ijumaa aliyosema tulia, wala "ibaki bado" ya bosi wake. Alipomaliza, mmoja wa vijana akajikuna shingo na kunyoosha karatasi.

"Samahani, wazee. Nani anapokea?"

"Mpe huyo," fundi akasema. "Ndiyo kazi yake."

Bawabu akasaini. Yule kijana akakunja karatasi, akaomba wapewe mtungi mtupu, maana ndio utaratibu: mpya haubaki bila wa zamani kurudi. Fundi aliinuka, akaingia chumbani mwa marehemu peke yake. Walimsikia akiuburuta sakafuni, hadi kizingitini, ambapo uligonga.