Mkubwa Yuko Garini

Kipimo ni mtu anayenitia kinyaa, na nasema hivyo nikiwa nimeishi naye chumba kimoja muda wote wa chuo. Wengine wanamsifu. Wanamwona siku hizi anaingia ofisini, nguo imepigwa pasi mpaka kwenye kola, kucha fupi, ananukia sabuni, na wanasema yule dada ni msafi. Msafi! Mimi ndiye niliyekuwa nikizibua nywele zake kwenye sinki. Mimi ndiye niliyekuwa nikivuta sahani zake kutoka chini ya kitanda, zimeota ukungu wa kijani, naye amejilaza juu anasoma somo la usalama wa chakula.

Tulisomea afya ya mazingira: vyoo, maji, taka, majiko ya watu. Jina la Kipimo alipewa na darasa letu kwa sababu hakuachana na kipimajoto cha chakula, kile chenye sindano ndefu ya chuma. Alikitumbukiza kila mahali, kwenye uji, kwenye chai ya mwalimu, na siku moja kwenye sufuria la mpishi wa bweni bila hata kupiga hodi. Mpishi alipolalamika, Kipimo alimwangalia kwa macho makavu akamwambia, "Mama, joto lako liko chini. Ungekuwa na mgahawa ningekufungia." Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Sasa hivi hata kutabasamu siwezi.

Tulipomaliza mitihani ya mwisho tukawa tunasubiri kupangiwa vituo vya kazi. Kaka yake Kipimo alikuwa na pikapu nyeupe, mlango mmoja umebonyea, na alitaka apelekewe kule anakofanya kazi, mwisho kabisa wa barabara kuu. Kipimo akajitolea kuiendesha, akaniomba nimsindikize.

"Twende tukapunge upepo, bibie," aliniambia. "Ukishaanza kazi nafasi utaipata wapi?"

Nilikubali haraka, kwa sababu shangazi yangu ana mgahawa kwenye barabara hiyo hiyo, karibu na mwisho. Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alipofariki alinichukua nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, na masufuria yake ndiyo yaliyonisomesha. Sikumwambia kwamba nakuja. Nilitaka nimshtukize tu, nimkute jikoni, nimwambie, shangazi, nimemaliza, halafu nione atakavyofanya.

Sasa, mimi na gari hatupatani. Safari ikizidi kidogo tumbo linachafuka. Kwa hiyo nililaza kiti, nikajifunika mtandio usoni, limau puani, nikamwachia Kipimo barabara. Nilimwona kupitia mtandio anatafuna karanga na kutema maganda miguuni pake. Karanga ziliponasa kwenye meno, alichomoa kile kipimajoto kwenye mkoba, akaanza kujichokonoa kwa sindano yake. Akaitazama ncha, akaipangusa kwenye suruali, akairudisha. Niligeuka upande wa dirisha.

Kila tulipofika mji mdogo alisimamisha gari mbali kidogo na mgahawa, akaniambia nipumzike, akashuka na mkoba wake. Baada ya muda alirudi na sahani iliyofunikwa, wali wa moto, nyama zimejaa, vipande vizuri visivyo na mfupa.

"Hawa wananijua," alisema. "Si nilifanyia mazoezi ya kazi barabara hii?"

Ni kweli, alifanyia huko. Nikaamini. Tumbo likitulia nilikula, tena nikasifu mapishi. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa nami nikatulia nipakwe vizuri.

Mji uliofuata haja ilinibana, ikabidi nishuke. Choo cha mgahawa kilikuwa nyuma, na ili ukifikie unapita kwenye mlango wa jikoni. Choo chenyewe sitaki kukieleza. Jiko lakini lilikuwa safi, sakafu imesuguliwa, masufuria yamefunikwa. Katikati yake alisimama Kipimo, amevaa koti jeupe la maabara ya chuo. Mbele yake mpishi, mama mtu mzima kuliko mama zetu, mikono ameikunja tumboni.

Kipimo alitumbukiza sindano kwenye sufuria la maharage, akatikisa kichwa. "Joto halijafika. Mwaga."

"Mwanangu, nimeyaepua sasa hivi. Ona, bado yanafuka."

"Mimi si mwanao, niko kazini. Mwaga, au nikufungie jiko."

Yule mama alilibeba sufuria mpaka kwenye mtaro, akamwaga chakula cha watu cha siku nzima. Alikuwa anajifuta macho kwa bega.

"Halafu mkubwa wangu yuko garini, hajala," Kipimo akaendelea. "Mpakulie. Uchague nyama nzuri."

Mama alichukua sahani, akaisuuza, akaisuuza tena. Akachagua nyama moja moja kwa upawa, zile zisizo na mfupa. Mkubwa wa garini nilikuwa mimi. Na sindano ile iliyotoka kwenye maharage ndiyo niliyoiona asubuhi ikitoka katikati ya meno ya Kipimo. Nilishika mlango, nikatapika palepale.

Mtu mwingine angeona haya. Kipimo aligeuka, akaniona, na hakubabaika hata kidogo. "Unaona?" alimwambia mpishi. "Mkubwa kaja mwenyewe, na harufu ya jiko lako imemtapisha."

Mama akanijia akiwa ameunganisha viganja. "Nisamehe, mkubwa. Nitasafisha upya. Nina watoto, mkubwa."

"Mama, huyu muongo," nilimwambia. "Hana kazi, na mimi sina. Tumemaliza chuo juzi tu."

Hakuniamini. Alidhani namtega. Alizidi kuomba msamaha na kurudi nyuma, na Kipimo alikwishanishika mkono ananivuta kwenda nje, sahani ya mkubwa mkono wa pili.

Ndani ya gari nilimtolea uvivu. Nilimwambia ni mchafu, tangu chuoni alikuwa mchafu, na uchafu wake hautoki kwa sabuni. Aliwasha gari huku anacheka.

"Kwani nimeua mtu? Nusu ya majiko haya yanastahili kufungwa. Na wewe si umekula?"

"Nimekula nikiwa sijui!"

"Tumbo lako lilijua?"

"Vua hilo koti," nilisema. "Kwa shangazi yangu huingii nalo."

"Aa, kwa shangazi siwezi. Yule ni mzazi, bwana. Kwani mimi sina adabu?" Alilivua, akalitupa kwenye dashibodi.

Sahani niliitupa dirishani na chakula chake. Nilijiambia nifike tu kwa shangazi, nishushe begi langu, yeye aendelee na safari yake na tusionane tena.

Tulifika wakati wa chakula cha mchana, saa ambayo malori hupangana mbele ya mgahawa wa shangazi mpaka hakuna pa kupita. Hapakuwa na lori hata moja. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, sakafu bado imelowa. Kando ya mtaro palikuwa na lundo la wali na maharage, kuku wanashindana kulidonoa. Shangazi alitoka mlangoni amevaa aproni mpya, sinia mikononi, macho chini.

"Karibuni, waheshimiwa," alisema. "Madereva waliniambia mnakuja. Chakula cha asubuhi nimemwaga chote, jiko nimelisugua. Nimepika hiki kimoja tu, cha mkubwa."

"Shikamoo, shangazi."

Aliinua macho. Niliiona furaha ikianza usoni pake, nakuapia niliiona. Kisha akatazama mlango wa pikapu uliobonyea. Akatazama koti jeupe kwenye dashibodi, na kiti changu kilicholazwa. Furaha ile ikaishia hapohapo.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Nilieleza yote kwa pupa, maneno yakigongana. Nilimweleza kuhusu tumbo langu, mtandio, uongo wa Kipimo, yule mama na maharage yake. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madereva wanasema mkubwa hashuki garini," alisema. "Analetewa."

"Nilikuwa naumwa, shangazi."

"Na ulipoletewa, ulikula?"

"Nilikula. Sikujua kinatoka wapi."

"Hukuuliza?"

Kipimo alipita katikati yetu, akaamkia vizuri kabisa kwa kukunja magoti, akalipokea sinia kutoka mikononi mwa shangazi. "Jamani, chakula kisipoe," alisema. Akashusha kiti kimoja, akaketi, akaanza kula. Alikula kwa raha. Alifyonza mifupa, akalamba vidole kimoja kimoja, na mchuzi ukimtiririka kidevuni.

Shangazi alimtazama anavyotafuna. Halafu akanigeukia, na jicho ni lile lile. Nalijua jicho hilo. Humtazama hivyo mchuuzi anayemletea nyama iliyokwisha kuharibika. Aliingia ndani, akatoka na sahani nyingine, akaifuta kwa aproni yake mpya taratibu.

"Nikupakulie, mkubwa?" aliniuliza.

Nilitaka kumwambia asiniite hivyo, mimi ni mwanawe, nimemaliza chuo. Lakini harufu ya mchuzi ilikuwa imenipanda kichwani, na lililonitoka ni jibu la adabu alilonifundisha mwenyewe nikiwa mtoto.

"Nimeshiba, shangazi."

"Najua," alisema. "Barabara nzima inajua."